Uzito wa Dereva

Kwa mara ya saba tangu asubuhi, fundi alilala chini ya gari alilojiundia mwenyewe. Alivuta uzi kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, akapima kama yamenyooka, akazungusha nati kidogo tu, akaguna. Kwenye kiti cha dereva alikuwa amepakia mifuko ya mchanga yenye uzito sawa na wake.

“Lina kichwa kigumu kama baba yake,” mkewe alimtania.

Barabarani aliachia usukani, akafumbata mikono kifuani. Gari likanyooka kama rula. Akarudi mbio kumchukua mkewe. Safari hii likaanza kuvuta upande aliokaa mkewe.

“Basi nishuke,” mkewe akacheka.

Fundi alikuwa ameshashika spana. “Kaa hapo hapo, mama watoto. Mjinga ni mimi, nilipima kana kwamba nitasafiri peke yangu.”