Makopo ya Safu ya Chini

Bosi wangu wa kwanza tulimwita Mama Fungua, kwa kuwa hakuamini kitu kilichofungwa. Wakaguzi wengine wa hesabu walihesabu mali stoo kwa macho, wakaandika, wakaenda kula. Yeye aliinama mpaka kopo la chini kabisa, akamwambia mtunza stoo, "Baba, nifungulie hili." Chai ya wateja hakuigusa. Alibeba ya kwake kwenye chupa, akanigawia, huku mimi nikiyatolea macho maandazi ya wenyeji. "Ukila cha mtu," alisema, "kesho utamwonea haya."

Mwaka wa nne tulikwenda kiwanda cha rangi. Mtunza stoo mpya akatufungulia mlango huku anacheka. "Shikamoo, mama!"

Alikuwa kitinda mimba wa Mama Fungua. Alishamwambia mama yake kwamba amepata kazi, ila wapi alificha, apate kumshtua. Basi alimshtua kweli.

Mama Fungua akanikabidhi faili. "Kuanzia sasa mimi simo. Nampigia mkubwa wetu."

"Mama, si kuhesabu tu?" kijana akasema. "Mimi nikufiche kitu?"

"Hata usiponificha. Nani ataiamini sahihi ya mama mtu?"

Akatoka, akakaa kwenye benchi karibu na geti. Mkubwa akanipigia: endelea peke yako.

Kijana alinionyesha safu za juu upesi upesi. Nilimpenda, na kusema kweli nilitaka kumwamini. Nikainama. "Kaka, nifungulie hili."

"La chini? Si tutabomoa safu nzima!"

"Tubomoe."

Tulifungua makopo ishirini. Saba yalikuwa na maji matupu. Kijana akakaa sakafuni.

"Meneja aliniambia nisisumbue ya chini," akasema. "Sikuuliza kwa nini." Niliandika na hilo pia.

Nje, Mama Fungua alisimama aliponiona. "Mwanangu, ya chini ulifungua?"

"Nilifungua, mama."

"Yakoje?" Sauti ilimtetemeka. Sikuwahi kuisikia hivyo, na iliniuma.

"Mama, wewe humo kwenye kazi hii. Siwezi kukuambia."

Akaitikia kwa kichwa. Akafungua chupa, akamimina chai, akaninyooshea kikombe kama siku zote. Kabla sijakipokea akakirudisha kifuani kwake.

"Hata yangu," akasema, "leo usinywe."