Heche, Mkwewe na Mashine ya Kijiji

Heche alikuwa na maneno mengi kuliko redio, lakini kuna neno moja alilibana kifuani, na hilo nusura litunyang'anye mashine ya kusaga.

Ndiye aliyeiendesha mashine hiyo katika kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Machochwe, na cheo kilimpanda kichwani. "Shikeni mstari! Muhogo kidogo kidogo! Wewe Verdiana, nani amekuambia umimine?" Akina mama walimchoka jamani. Ila haki yake apewe: akiwa pale, mashine ilinguruma tangu asubuhi bila hata kukohoa.

Shida ilikuwa mkwe. Kwetu Wakurya mwanamume hakutani uso kwa uso na mama mkwe wake, hakai naye chumba kimoja, na akimwona anakuja, anaacha njia. Zamani hilo lilikuwa jambo jepesi, maana mama mkwe wa Heche, Mokami, aliishi ng'ambo ya vilima. Ikaja operesheni ya vijiji. Watu tukakusanywa, nyumba zikapangwa mistari, na huyo aliyegawa viwanja, Mungu amsamehe, akamweka Mokami jirani kabisa na mashine.

Basi Mokami akitokea mlango wa mbele na bakuli lake lililofunikwa kitambaa, Heche huyoo, ametoka mlango wa nyuma, amechutama kwenye ua wa minyaa. Mashine ameiacha inanguruma peke yake. Bibi akishaondoka, Heche anarudi na kukuta kimya, mkanda unanuka moshi, na akina mama wametulia utadhani wanasubiri padri.

Habari zetu zote zilipelekwa mjini Mugumu na Tomaso, dereva wa lori la pamba. Heche alimwambia, "Mwambie fundi mashine imezima." Fundi Selestine akaja na pikipiki yake, akafunga mkanda mwingine, akawasha, ikasaga vizuri. Akaondoka. Ikazima tena. Akaja tena, safari hii amefura.

"Bwana Heche, hilo 'imezima' lako halinisaidii kitu! Nikifika naona mkanda ulioungua, basi. Niletee na mambo yaliyokuwepo. Kilikuwa kinasagwa nini? Jua au mvua? Nani alikuwa karibu, na nini kilitangulia? Lete yote, nitachambua mwenyewe."

Loo, nani alimtuma! Mara iliyofuata Tomaso alisimama sokoni Mugumu, mkono kiunoni, akaanza kumwaga: "Fundi, mashine imezima. Jua lilikuwa kali, upepo unatoka mbugani. Ulikuwa unasagwa muhogo na ulezi. Mafuta yapo. Verdiana amesuka nywele mpya na anamsema mke wa katibu. Mbuzi wa mwalimu amepita na kofia ya mgambo mdomoni. Mlio ulianza kuwa mzito, kisha kimya."

Watu waliacha samaki wao kwenye mizani wakaja kusikiliza. Selestine alisikiliza yote, akamtupa mbuzi, akazitupa nywele, akabaki na kitu kimoja. "Huo mlio mzito, Heche aliusikia akiwa wapi?"

Tomaso alirudi na swali. Heche akajikuna shingo. "Mwambie nilikuwepo."

Mwongo mkubwa! Alikuwa kwenye minyaa, na huko alisikia zaidi ya mlio. Alisikia kicheko, na sauti ya Verdiana ikisema, "Mimina wote! Mimina kabla hajarudi!" Wajanja walishagundua dawa yake. Wakichoka na amri zake, mmoja anakwenda kumwita Mokami. Heche anakimbia, muhogo unashindiliwa mpaka pomoni, mashine inakabwa, mkanda unaungua. Kisha wanachota uliobaki, wanafuta mdomo wa mashine, wanakaa. Heche aliyajua hayo yote, lakini angeyasemaje bila kusema aliyasikia kutoka wapi? Kumwambia Tomaso kwamba mwendesha mashine hujificha vichakani ni kuiambia Mugumu nzima, na aibu hiyo ilimchoma.

Ndipo mwenyekiti aliporudi kutoka mkutanoni na uso mzito. Ikizima tena bila sababu kujulikana, mashine itahamishiwa kijiji kimoja cha kule Ikoma. Mke wa Heche, Robi, alimtazama mumewe akasema, "Mimi kwenye jiwe la kusagia sirudi. Utasaga wewe."

Na ikazima tena. Heche alitoka kwenye minyaa, utomvu ukiwa umemganda kwenye suruali, akaenda mpaka kwenye lori, akashika dirisha.

"Tomaso, mwambie fundi mashine imezima. Umeshindiliwa muhogo. Mwendesha mashine hakuwepo, na siku zote ikizima huwa hayupo. Amechutama kwenye minyaa, amemkimbia mkwe wake." Akaongeza: "Mbuzi leo hakupita."

Selestine aliposikia alicheka mpaka akakalia tairi. Alipomaliza kucheka akaja na mabati, akakigawa chumba katikati: akina mama huku, Heche na mashine kule, na kijidirisha cha kupitishia nafaka. Sasa wa kumimina ni Heche peke yake, na hamwoni mtu wala haonwi. Mwenyekiti akaambiwa sababu, akageuka pembeni ili asicheke, na mashine ikabaki.

Siku ya kwanza Verdiana, kwa mazoea, akaenda kumwita Mokami. Bibi akaingia na bakuli lake. Foleni nzima ikatega masikio kwenye bati. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Heche aliutazama, miguu ikamwasha, lakini hakutoka.

Mokami akaanza kusema, na kwa kuwa mkwe hasemeshwi, aliisemesha mashine. "Wewe mashine, nasikia umenitangaza Mugumu nzima."

Kisha sauti nyembamba ikatoka nyuma ya bati. "Mashine inasema shikamoo, mama. Inasema isingesema, saa hizi ingekuwa Ikoma."

"Marahaba." Mokami akakohoa, akafunua kitambaa. "Basi na ijue kitu kingine. Siku zote zile bakuli langu lilikuwa tupu, kama leo; nilikuja kumkimbiza mtu tu."

Verdiana akatazama chini. Nyuma ya bati Heche akaangua kicheko mpaka unga ukampalia.

"Mashine inauliza," akasema alipopata pumzi, "hilo nalo Tomaso aliongeze kwenye taarifa ya fundi?"

"Thubutu!" akasema Mokami, akapokonya muhogo wa Verdiana na kuupitisha dirishani, kidogo kidogo.