Kasoro ya Nawoi

Huko Kakuma, ng'ambo ya laga, ule mto mkavu wa mchanga, mahali ambapo makazi ya Waturkana yanatazamana na kambi ya wakimbizi, aliishi mama mmoja muuza kuni aliyeitwa Nawoi. Jina lake lilitokana na mgunga, kwa kuwa alizaliwa chini ya mti huo wakati wazazi wake walipokuwa wakihama na mifugo. Yeye mwenyewe alisema ndiyo sababu hakupata kukata mgunga maishani mwake. Mtu hamkati dada yake. Alikata mathenge tu, miti ile yenye miiba iliyotapakaa kila mahali bila kupandwa na mtu, akaifunga mizigo, akaibeba kichwani hadi kambini, na akarudi na mahindi au unga.

Hata hivyo, kuni hazikumpa umaarufu. Nawoi alijulikana kwa kuwasemea wafu.

Hakuna aliyempa kazi hiyo. Ilianza zamani, siku alipozikwa mtu asiye na jamaa, na katekista alipouliza ni nani angeeleza maisha ya marehemu, watu wakatazama miguu yao. Nawoi akasimama. Tangu siku hiyo kila aliyezikwa upande ule wa laga, awe Mturkana, Msudani au mfanyabiashara kutoka Kitale, alisemewa na yeye, kwa Kiswahili chake kisichojali ngeli, ili kila mtu apate kusikia. Hakuwa na karatasi, kwa maana hakujua kusoma. Kabla ya mazishi alizunguka kwa majirani wa marehemu akiwauliza swali moja tu: kasoro yake ilikuwa nini?

Agosti mwaka 2012 alizikwa fundi viatu aliyeitwa Aluong, mzee kutoka Sudani Kusini aliyeishi peke yake. Nawoi alieleza jinsi Aluong alivyoweza kushona kiatu kilichokwisha kabisa kikarudi kutembea. Kisha akasema kwamba mzee huyo alikuwa mchoyo wa chumvi. Ungeweza kumwomba nyama akakupa, lakini ukimwomba chumvi angejifanya hasikii Kiswahili. Watu wakacheka, na katika kucheka huko wakaanza kulia, kwa sababu sasa walimwona Aluong mwenyewe, na mkono wake ukifunika kopo.

Siku hiyo katekista alimshauri kwa upole kwamba marehemu ni wa kusifiwa. Nawoi akamjibu, "Wakisifu tu, hao wamezika mtu mwingine."

Nawoi alikuwa na watoto wawili. Mkubwa, Reuben, alisomeshwa na kanisa katika shule ya bweni huko Kitale, akawa karani katika ofisi moja ya Lodwar. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye kalamu mbili mfukoni. Mdogo, binti yake Akidor, alikwenda chuo cha ufundi Lodwar akasomea ushonaji, kisha akakodi chumba karibu na soko na kuanza kushona sare za shule. Akidor hakuwa msemaji. Alikuwa mtu wa kupima mara mbili kabla ya kukata, hata katika maneno, na mara nyingi alipomaliza kupima mazungumzo yalikuwa yamekwisha.

Februari mwaka 2013, wiki chache kabla ya uchaguzi, Akidor alikuja Kakuma kupeleka sare, akamkuta mama yake amechaguliwa na akina mama wenzake kumkaribisha mgombea wa udiwani, bwana mmoja aliyeitwa Ekal. Uwanja ulijaa. Nawoi akavaa shanga zake zote, akasimama mbele, akanyoosha mkono kumwelekea mgeni.

"Akina mama," alisema, "pigieni makofi Marehemu Ekal. Marehemu ametoka mbali. Marehemu akae kivulini."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Vijana walishikana mabega wasianguke. Ekal mwenyewe alitabasamu nusu, akatazama kushoto na kulia, akaketi kivulini kama alivyoagizwa.

Kosa hilo lilikuwa na mantiki yake. Kwa miaka mingi, mahali pekee ambapo Nawoi alikuwa amesikia jina la mtu likitamkwa kwa Kiswahili cha taadhima ni kando ya kaburi. Katekista alikuwa akiinamisha kichwa na kusema taratibu, Marehemu fulani, na wanaume wote wakavua kofia. Nawoi aliamini kwamba hicho ndicho cheo cha juu kuliko vyote, na kwamba wengi, kwa bahati mbaya, walikuwa wakicheleweshewa.

Jioni ile Akidor alimweleza mama yake maana ya neno. Alilieleza kwa uangalifu, kama mtu anayefumua mshono bila kuchana kitambaa. Nawoi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama ni kweli kwamba mwenye jina hilo huvuliwa kofia na watu wote. Akidor akakiri kwamba ni kweli.

"Basi mimi nimemheshimu mapema," alisema Nawoi.

Hakulirudisha neno lake. Kesho yake, Ekal alipopita sokoni kuomba kura, Nawoi alimwamkia mbele ya watu, "Ejok, Marehemu," kwa sauti ya mtu aliyekusudia tangu mwanzo. Ndivyo alivyokuwa. Neno la Nawoi likishatoka, lilibaki nje. Ekal alishindwa kwa kura chache, na wafuasi wake walinung'unika kwamba ulimi wa mama mmoja ndio uliomzika.

Mwishoni mwa Aprili Nawoi aliugua kifua. Siku ya tatu akafariki.

Akidor na Reuben walisafiri pamoja kutoka Lodwar, na njiani kaka mtu akamwonyesha dada yake karatasi aliyokwisha kuichapisha ofisini. Ilikuwa karatasi safi, yenye pambizo zilizonyooka. Ilisema kwamba marehemu alizaliwa tarehe 1 Januari 1955, kama ilivyoandikwa katika kitambulisho chake. Ilisema kwamba alikuwa mfanyabiashara katika sekta ya nishati. Ilisema kwamba alikuwa mcha Mungu, mpole, mnyamavu, mwenye kupenda amani na kila mtu.

Akidor aliisoma mara mbili. Aliona jambo alilokuwa akiliona chumbani kwake pale mteja anapoleta gauni lililoshonwa na fundi mwingine bila kumpima mwenye mwili: mishono yote imenyooka na mtu hamo ndani.

Akasema kwamba Mama hakuwa mnyamavu.

Reuben akamjibu kwamba wageni watatoka ofisini kwake. Zaidi ya hayo, turubai na viti vilikuwa vya Ekal, ambaye alivitoa bila kuombwa mara mbili, na angekuja yeye mwenyewe kuketi mstari wa mbele. Je, Akidor alitaka mama yao achekwe mbele ya mtu huyo, siku ya kuzikwa kwake?

"Alikuwa akisema kasoro za watu wote," Akidor alisema.

"Za watu wengine. Huyu ni mama yetu."

Walipofika nyumbani Akidor alimkuta Adeng ameketi mlangoni. Adeng alikuwa Mdinka wa kambini, mteja wa Nawoi kwa miaka kumi na mitatu na mgomvi wake kwa muda huohuo. Hakumpa Akidor pole kwanza. Alimuuliza ni nani atakayemsemea. Akidor akaeleza habari za karatasi ya Reuben. Adeng akaomba asomewe, na aliposomewa akatikisa kichwa.

"Huyo simjui," alisema. "Mimi nimekuja kumlilia Nawoi. Kama mnazika huyo mwingine, khalas, narudi kambini."

Akidor akaingia ndani, akakaa penye magunia ya mahindi ya mama yake. Alijua vema kilichokuwa mbele yake. Watu mia mbili wangeondoka makaburini wakiwa wamebeba mtu mmoja kati ya wawili, na baada ya siku hiyo mwingine asingepata tena mahali pa kukaa. Alijua pia kwamba hakupata hata siku moja kuzungumza mbele ya watu zaidi ya wanne.

Mazishi yalifanyika asubuhi ya Jumamosi. Katekista aliposema kwamba sasa familia itasoma maisha ya marehemu, Reuben akainuka na karatasi yake. Akidor akainuka pia. Alimgusa kaka yake kiwiko, akamwomba kwa sauti ya chini amwache atangulie. Reuben alimtazama. Watu walikuwa wakiwatazama wote wawili, naye hakuwa mtu wa kubishana hadharani. Akasogea hatua moja.

Akidor alisema kwamba mama yake aliuza kuni. Alisimulia habari za mgunga. Sauti yake ilikuwa ndogo, na walioketi nyuma wakasogea mbele wakiburuta viti vya watu. Kisha akasema, "Mama alikuwa na kasoro. Hakuwahi kurudisha neno lake. Hata lilipokuwa la makosa. Hasa lilipokuwa la makosa."

Akasimulia habari za Marehemu Ekal. Hakuziongeza chumvi wala hakuzipunguza. Alipofika kwenye kuheshimu mapema, kicheko kilianzia kwa akina mama wa kuni, kikapita turubai lote. Ekal aliyekuwa mstari wa mbele aliinamisha kofia yake hadi puani, na mabega yake yakawa yanatikisika. Reuben alitazama chini.

Akidor akangoja watulie, kama mtu anayengoja pasi ipate moto.

"Mwaka jana alinikosea," aliendelea. "Aliniambia mbele ya watu kwamba kushona ni kazi ya mtu aliyechoka kabla ya kuanza. Niliondoka bila kumuaga. Miezi minne hatukusemezana. Siku moja nikaona lori la kutoka Kakuma limesimama sokoni Lodwar, Mama akashuka, ana mzigo wa kuni. Lodwar kuna kuni kila kona. Alipita katikati ya wauza kuni wote na kuni zake kichwani, wakimcheka, akazitua mlangoni pangu. Akanywa chai. Akauliza sindano ya cherehani inanunuliwa wapi. Saa tisa akapanda gari akarudi. Hakusema samahani. Mimi napikia stovu ya mafuta. Sina hata jiko la kuni. Niliziweka chini ya meza ya kukatia."

Hakuwa na zaidi. Akaketi.

Hapo Adeng akasimama bila kuitwa, akatangaza kwamba Akidor amesahau kasoro moja kubwa: katikati ya kila mzigo Nawoi aliweka vijiti vyembamba kama vidole vya mtoto, na kwa miaka kumi na mitatu aliapa kwamba vilijiingiza vyenyewe. Akina mama wakapiga vigelegele vya kuthibitisha. Mwingine akadai alinyang'anywa kivuli cha kuuzia. Mwingine akakumbuka jinsi Nawoi alivyomkemea muuguzi hadi muuguzi akaomba kiti. Kila aliyelalamika alikuwa akifuta machozi, na katekista, aliyekuwa na saa mkononi, aliacha kuitazama.

Reuben hakusoma. Zamu yake ilipofika alisema tu kwamba dada yake amekwisha sema, akawashukuru wageni, akamshukuru mwenye turubai, akaketi.

Baada ya kaburi kufunikwa, watu walipokuwa wakinywa chai, alimfuata Akidor nyuma ya nyumba. Akidor alikuwa akisuuza vikombe. Alijiandaa kusikia karipio, na alikuwa amekwisha kuamua kwamba atalipokea bila kujibu.

Reuben akachukua kitambaa, akaanza kufuta vikombe. Alifuta vitatu kabla ya kusema.

"Hizo kuni zipo kweli?"

"Zipo."

"Zote?"

"Sijaondoa hata moja."

Akafuta kikombe cha nne, akakigeuza kutazama ndani. "Mimi na wewe tuko mji mmoja. Siku hiyo alishuka Lodwar na kurudi, wala sikujua. Mimi hakuniletea hata kijiti."

"Wewe hukuwahi kukosana naye."

"Sikukosana naye," alisema Reuben. "Kila alichosema nilimwitikia ndiyo, Mama. Tangu nilipotoka Kitale. Kisha nikafanya nilivyotaka mwenyewe." Akakiweka kikombe chini. "Alikuwa akijua, sivyo?"

Akidor alijua jibu. Mama yake alikuwa amewahi kulisema, pale penye magunia, kwamba mwanawe mkubwa humwitikia kama watu wanavyomwitikia mgeni. Alilipima neno hilo mara ya kwanza, akalipima mara ya pili, na kwa kuwa siku hiyo alikuwa amekwisha kusema kweli ya kutosha, aliliacha likae lilipo.

"Mzigo ule ni mkubwa kuliko mtu mmoja," alisema. "Jumatatu ukitoka kazini pita kwangu. Uje na gunia."

Reuben akaitikia kwa kichwa. Kisha, kana kwamba amekumbuka jambo, akauliza ni gunia la kilo ngapi, na kama vile vijiti vyembamba navyo vimo.

"Vimo," alisema Akidor. "Vingi sana."