Uji wa Samaki wa Memsabu

Nyuma ya nyumba ya watumishi tuliyokaa kulikuwa na nyumba kubwa, nje kidogo ya mji wa Nyeri, na sebuleni mwake mliishi samaki wanne wa rangi ya dhahabu, ndani ya tangi la kioo. Hawakuwa wa kuliwa. Hilo halikutushangaza, maana Wakikuyu wa wakati ule hatukula samaki. Tulimhesabu pamoja na nyoka. Kilichotushangaza ni mtu kumfuga kiumbe huyo karibu na viti vyake vizuri, kisha akaenda zake Mombasa kupumzika na kumwachia mpishi.

Mpishi alikuwa baba yangu. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwakamata Wakikuyu, na kilichomtenga baba na kambi ya kizuizini ni neno tu la memsabu, Mzungu mwenye nyumba ile: huyu ni mtu wangu, mwacheni. Neno hilohilo lilimlinda mtunza bustani, rika la baba, aliyetahiriwa naye asubuhi moja. Ukifukuzwa kazi, neno limekwisha, na lori la askari halikawii. Kwa hiyo samaki walipoanza kuugua hakuna aliyecheka, isipokuwa mtunza bustani.

"Mpishi mzima unashindwa na samaki?"

"Rika, mimi huletewa wakiwa wamekufa tayari."

Walikuwa na vidoadoa vyeupe mwili mzima, na walijikuna kwenye mawe ya tangi kama ng'ombe wenye kupe. Mmoja alilala ubavu. Baba aliwatazama, mikono nyuma. Alijua kupima homa ya mtoto kwa kiganja na tumbo la mbuzi kwa vidole, lakini samaki utamshika wapi? Mama akaitwa. Akainama, akatoa uamuzi.

"Hii ni tetekuwanga. Tena wamekonda. Memsabu huwapa nini?"

"Unga fulani wa kopo. Unaobaki kwenye ncha ya kidole, asubuhi."

"Ncha ya kidole! Baba watoto, hawa wana njaa. Mgonjwa hupewa uji."

Hapo hakukuwa na ubishi. Kwetu aliyejifungua hupewa uji, mwenye malaria hupewa uji, na anayekaribia kufa hunyweshwa uji ili asiende na tumbo tupu. Ukapikwa wa mtama, ukapozwa, ukamiminwa kijiko baada ya kijiko. Maji yakawa rangi ya mto baada ya mvua. Samaki wakapanda juu, vinywa wazi.

"Unaona?" mama akasema. "Wanaomba." Akaongeza.

Miaka mingi baadaye, nikiwa na shahada ambayo haijawahi kumponya mtu yeyote, nilisoma kwamba madoa yale hutibiwa kwa chumvi na joto kidogo, na kwamba samaki anayeachama juu ya maji anakosa hewa. Nilimsomea mama ukurasa mzima. Akaniuliza kama kitabu kilisema ni uji wa namna gani.

Watatu walikufa. Baba alimwaga maji, akatia mengine, akamwaga tena. Wa nne alikuwa bado anapumua memsabu aliporudi. Alipiga magoti akiwa na kofia yake ya safari, akamtilia brandi kwa kijiko cha chai. Nadhani kwao mgonjwa hupewa brandi. Samaki akageuka tumbo juu.

Memsabu alilia, akajifuta, akauliza: "Nani naua samaki yangu?"

"Mimi, memsabu," baba akasema. "Mimi napatia samaki uji."

Memsabu akatazama dirishani, ambako mawaridi yalikuwa yanang'aa kwa dawa ya wadudu.

"Hapana sema uwongo. Hakuna mtu napatia samaki uji. Ni yule ya bustani na dawa yake."

"Ni uji, memsabu." Baba alikimbia jikoni, akarudi na sufuria ambayo uji ulikuwa umekauka ukingoni. Aliishika kwa mikono miwili, kama anayemkaribisha mgeni. Mama, nyuma yake, alikuwa anatikisa kichwa kukubali.

Memsabu alisukuma sufuria kando, taratibu. "Wewe nataka saidia rafiki yako," akasema. "Wewe mtu mzuri sana."

Mtunza bustani alifukuzwa, akaondoka jioni hiyo, kabla ya kafyu ya kutotembea usiku, na blanketi begani. Baba alimfuata hadi langoni, nami nyuma yake.

"Nimemwambia ni mimi."

"Nimesikia. Nilikuwa chini ya dirisha."

"Nimemwonyesha hata sufuria."

"Ati uji!" mtunza bustani akasema, na kicheko kikamtoka bila yeye kutaka. "Rika, hata mimi nisingekuamini."

Akashuka kuelekea barabara kuu, mahali askari waliposimamisha watu na kuwauliza wanamfanyia nani kazi. Baba alibaki amelishika lango, lisijifunge wala lisifunguke, mpaka kengele ya sebuleni ikalia. Memsabu alitaka chai.