Jicho la Verna na Ubao wa Bwana Tuttle

Kwa miaka kumi na tisa Verna Stolarczyk alikagua chupa katika kiwanda cha vioo huko Ohio. Zilipita mbele ya taa kali juu ya ukanda usiosimama, naye akizitoa zenye ufa. Asubuhi moja ya Machi pazia la kijivu liliteremka katika jicho lake la kushoto, polepole, bila maumivu, hadi jicho likazima.

Akaingiwa na hofu. Dada yake Irene aliwahi kupatwa na hali hiyo hiyo, ikapita, akaendelea na kazi. Wiki ya pili akapooza.

Aliyesimamisha ukanda alilazimika kuandika jina na sababu kwenye ubao wa mlango wa kantini. Msimamizi, Gerald Tuttle, aliamini mfanyakazi ni mvivu wa kuzaliwa, na kwamba aibu ndiyo dawa yake. Wapo wanawake waliojikojolea wamesimama ili majina yao yasisomwe pale. Huo ndio ulioitwa utaratibu mzuri wa kazi.

Verna akabonyeza kitufe chekundu cha kusimamisha ukanda.

"Haya mama, leo kahawa imekuita mapema?" Tuttle akauliza.

"Jicho la kushoto halioni."

"La kulia si lipo? Nikiwapa kisogo tu, wote mnaugua."

"Umenipa kisogo miaka kumi na tisa, bosi. Chupa gani mbovu ilinipita?"

Tuttle akamkazia macho. Walipokuwa wametazamana hivyo, pazia likaanza kupanda.

"Na sasa unaona?" Tuttle akauliza alipomwona akipepesa jicho.

Verna angeweza kudanganya. "Naona."

"Basi rudi kazini. Ugonjwa gani huo wa dakika tano?"

Verna akaenda moja kwa moja ubaoni, akaandika kwa herufi kubwa: STOLARCZYK. JICHO LILIZIMA. NAKWENDA HOSPITALI.

"Ukitoka, usirudi."

"Nitarudi. Ukinifukuza, andika sababu hapa chini, na jina lako."

Loretta Pruitt wa ukanda wa pili alikwisha kuvua aproni. "Twende, dada, gari langu liko karibu. Bosi, ukanda wangu nao umesimama, chaki nitaikuta?"

Hospitalini vipimo vilionyesha kwamba mshipa wa shingo upelekao damu kichwani ulikuwa karibu kuziba kabisa. Daktari alitaka alazwe saa ile ile. Verna akakataa kupanda kitanda mpaka apewe barua yenye muhuri ya kueleza ugonjwa wake, akamkabidhi Loretta.

"Mpe bosi mkononi," akasema, "na usitoke mpaka aisome yote."

Ndipo akapanda.