Ibebe Kwanza Kabla ya Kuilipia

Mwanangu, umeniuliza ununue baiskeli gani ya gia kwa fedha zako za kadiri. Kabla sijakujibu, nakumbuka siku niliyozungushwa soko zima la Sumbawanga nikiwa na baiskeli begani, watu wakinitazama kama maandamano ya mtu mmoja.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa ghafla, na baiskeli za milimani zikaingia, tairi zake zina meno kama mamba wa Ziwa Rukwa. Mimi mchana nalima mahindi, jioni nasoma mjini. Kutoka kijijini kwetu kwa miguu nilikuwa nafika somo la kwanza limekwisha. Mwalimu alikwisha sema: atakayechelewa tena masika yajayo, jina linafutwa, na mtihani hafanyi.

Shangazi yangu Kristina aliuza ulezi wake kunichangia, kwa hiyo dukani tulikwenda wote. Nikaiona nyekundu moja, inang'aa hata jogoo angewika akidhani kumekucha.

"Shangazi, ni hii. Ina springi mbele na nyuma. Ukipita kwenye mashimo unajiona umelala kitandani."

"Nimekuchangia uende shule, si ulale. Haya baba, ibebe."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikaipandisha begani, tukatoka nje, yeye mbele mimi nyuma.

"Mshikaji, hiyo inapandwa, haibebwi!" vijana wakanipigia kelele.

Ilikuwa nzito kama ndama aliyeshiba. Kabla hatujamaliza soko shingo ilikuwa imeingia kifuani. Tuliporudi, mwenye duka akauliza, "Mama, huyu anachagua baiskeli au mchumba?"

"Mchumba ana miguu yake," shangazi akamjibu. "Hii ikigoma kwenye tope, nani ataitembeza? Na spoki zikikatika, zipo hapa?"

"Zipo, mama, tele."

"Na hizo springi?"

Mwenye duka akatazama dari.

Pembeni palikuwa na ya kijivu, haina springi, haina mapambo. Shangazi akanisimamisha nimeiweka katikati ya miguu, nyayo zote mbili zikagusa chini. Akanibinyisha breki, gurudumu likasimama papo hapo. Nikaibeba nayo, nikazunguka soko nikipiga mluzi. Tukailipia, na chenji ikatosha keria na pampu. Ile nyekundu sijui ilikwenda na nani. Sina ubaya nayo, na sitaisingizia.

Masika yakaja. Unalijua tope letu jekundu: linanasa kwenye gurudumu mpaka gurudumu linageuka mkate. Jioni moja mvua ilinyesha kama Mungu amesahau kufunga bomba. Baiskeli ikagoma kabisa nikiwa bado mbali na mji. Nikaitia begani, nikakimbia mpaka penye changarawe, nikakwangua tope kwa kijiti, nikapanda. Nilipoingia darasani mwalimu alikuwa na kalamu mkononi, anaita majina. Langu likaitwa nikiwa mlangoni, nachuruzika maji.

"Nipo, mwalimu!"

Mtihani nilifanya, nikafaulu. Sikuongoza taifa, ingawa nikisimulia kule Namanyere, ambako hakuna aliyesoma nami, huwa naongoza kidogo.

Basi mwanangu, kwa fedha za kadiri usinunue vitu vingi vya bei rahisi vilivyofungwa kwenye fremu moja. Nunua vichache vilivyo imara: fremu ya kimo chako, breki zinazoshika, tairi zenye meno, gia zinazoingia bila ugomvi. Spea zake ziwepo kwa fundi wa hapa hapa. Springi za bei ya chini zinakuongezea mzigo, ziache. Bakiza kidogo cha pampu na viraka. Na kabla hujatoa hata shilingi, ibebe. Watakaokucheka hawatakuwepo siku ya tope.

Mungu akujalie miguu yenye nguvu na breki zenye utii, na uendako, wakiita majina, wakukute umefika.