Mbegu za Maboga na Gego Langu

Nyumbani kwangu Isevya sheria ilikuwa moja: mtoto akisaga meno usingizini, ana minyoo. Asubuhi atatafuna mbegu mbichi za maboga kabla ya uji, bakuli zima, nami nimesimama mlangoni. Watoto wangu sita wamepita hapo, na wajukuu pia.

Mwaka jana nikaanza kuamka taya zinauma kama za mtu aliyetafuna michembe hadi kulipokucha. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, mimi huletewa kutoka Ntalikwa. Ikiwa mikavu inataka gego, na magego yangu yanayokutana yamebaki mawili tu, ya upande wa kulia. Nikaisingizia michembe, nikaiacha. Taya hazikupoa.

Mjukuu wangu wa kike, ninayelala naye chumba kimoja, akasema mbele ya mama yake, mkwe wangu, "Bibi, unasaga meno. Mpaka naziba masikio."

"Mimi? Hebu koma."

Mkwe wangu hakubishana. Aliingia jikoni akatoka na bakuli la mbegu za maboga, akaliweka mbele yangu. "Mama, sheria ni sheria." Kisha akaenda kusimama mlangoni.

Nilizitafuna zote, asubuhi hiyo na zilizofuata. Ningekataaje, mtoto ananitazama? Siku ya tatu ya mbegu hizo, gego la juu likapata ufa.

Daktari wa meno alikuwa binti mdogo. Alinipa shikamoo yangu, akanishika mashavu, akaniambia niume.

"Bibi, misuli hii ni ya mchimba visima."

Akasema minyoo hawahusiki. Mtu akilala, ubongo hulegeza mikono na miguu, hata taya. Lakini usingizi hupanda na kushuka. Ukipanda kidogo, ukawa mwepesi, ubongo hushtuka bila mwenyewe kuamka, na neva huiamrisha misuli ya taya kufanya kazi. Huuma kwa nguvu, maana mwenye taya hayupo kuizuia. Akauliza jioni nakunywa nini. Chai ya rangi, nikasema, nzito, vikombe vitatu.

"Hiyo inauchokoza usingizi."

"Na gego langu?"

"Ukizidi kusaga litapasuka, nitaling'oa. Ukipunguza, nitaliziba libaki."

Chai ya jioni nikaiacha, na haikuwa rahisi. Akanitengenezea kifuniko cha plastiki cha kuvaa nikilala. Mchana, akasema, midomo ifungwe lakini meno yaachane. Mjukuu wangu akiniona nimekaza taya nikichambua mchele, huniambia, "Bibi, meno." Jambo lingine lolote hathubutu kunikosoa, hilo nimemruhusu.

Gego lipo, limezibwa. Michembe nimeirudia, ila huchemshwa na karanga mpaka ilainike. Mbegu za maboga sasa tunazikaanga kwa chumvi, na anayezitaka anazila ameketi, hakuna wa kumsimamia mlangoni.